Maswali ya Wasomaji: Hospitali za Vita, Leo Pana Nini Pale?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mi naishi Southampton huku Uingereza, wikendi huwa tunawapeleka watoto kwenye paki moja iko Netley, baharini kabisa, sasa katikati ya nyasi kuna kanisa kubwa lina kuba limesimama peke yake. Jirani ananiambia palikuwa na hospitali ya vita. Hilo kanisa ndo lilikuwa hospitali au? (Mama wa watoto wawili, Southampton)

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako kasema kweli, ila hilo kanisa ni kipande tu, tena kidogo. Hospitali yenyewe ilikuwa na urefu wa karibu mita 435, na kanisa lilikaa katikati yake kwa nyuma, kwa hiyo hizo nyasi watoto wanakokimbilia kulia na kushoto zote zilikuwa wodi na korido. Vita vya Crimea, vile Waingereza na wenzao walivyopigana na Warusi, viliua askari wengi kwa magonjwa kuliko kwa risasi, Waingereza wakaona lazima wawe na hospitali kubwa ya jeshi, Malkia Victoria akaweka jiwe la msingi Mei 1856, wagonjwa wakaanza kupokelewa 1863.

Hapa ndo panaponiuma. Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu wa vita hivyo vya Crimea, alipoiona ramani aliikataa, maana korido ndo zilipewa upande wa bahari na jua, wodi zikageuziwa nyuma, ndogo ndogo, hewa haipiti vizuri. Hata waziri mkuu Palmerston alimuunga mkono, lakini ujenzi ulishaanza na hela nyingi zimeshatumika, wakaendelea hivyo hivyo. Jengo likapendeza kwa anayepita na meli, mgonjwa aliyelala ndani ndo akalipia, na mimi hilo siwezi kuliita kosa dogo.

Vita vya Kwanza vilipokuja wakaongeza vibanda nyuma ya jengo, treni ya majeruhi inaingia mpaka hospitali, na mshairi Wilfred Owen alipita hapo 1917 akiwa amevurugwa akili na mabomu. 1944, wakati wa Vita vya Pili, hospitali ikakabidhiwa Wamarekani, na inasimuliwa mpaka leo kwamba walikuwa wanaendesha magari ya Jeep humo humo kwenye korido kwa jinsi zilivyo ndefu. Baadaye gharama zikashinda, jengo kubwa likafungwa 1958, likapata moto 1963, likabomolewa 1966. Wakati wa kubomoa wakafukua lile jiwe la malkia, chini yake wakakuta kasha la shaba lina ramani za jengo, sarafu na Victoria Cross, ile nishani yao kubwa ya ushujaa. Paki ilifunguliwa 1980. Kanisa limekarabatiwa, ndani kuna maonyesho na mnarani watu wanapanda. Siku nyingine wapeleke watoto mpaka makaburi ya jeshi pale nyuma, Wajerumani nao wamo, wamezikwa hapo hapo pamoja na waliokuwa wanapigana nao.

SWALI: Mhariri salaam. Mimi niko Tanga, pale Bombo kuna gofu la ghorofa la zamani tunaliita Cliff Block, tunaambiwa tu ni la Mjerumani basi. Lina habari gani za vita? Na huku kwetu kuna hospitali nyingine za namna hiyo?

JIBU: Zipo kaka, na hilo la kwenu lina habari nzito. Hiyo ndo ilikuwa hospitali ya Mjerumani. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapo Tanga jeshi la kama askari 8,000 kutoka India, Mjerumani ana kama elfu moja tu na askari wake Waafrika, na bado Waingereza wakapigwa wakarudi melini. Majeruhi wao wasioweza kubebwa wakaachwa mikononi mwa madaktari wa Kijerumani, Waingereza wakatuma dawa kwa bendera nyeupe. Leo hospitali ya mkoa inafanya kazi jirani tu na jengo lenyewe limechakaa, na kwa kweli ningeomba wahusika waliwahi, Netley walikuja kubakiwa na kanisa tu wakati sisi kuta bado tunazo.

Dar, ile hospitali ya Mjerumani ya 1897 ilichukuliwa na Waingereza mji ulipojisalimisha Septemba 1916, leo ndo Taasisi ya Saratani Ocean Road, wagonjwa wanatibiwa pale pale. Mengo ya Kampala, aliyoianzisha Dkt. Albert Cook 1897, ilipokea majeruhi wa vita hivyo na bado ni hospitali.

Ila wapagazi, wale waliobebeshwa risasi na unga kutoka Kenya mpaka Msumbiji, hospitali zao nyingi zilikuwa mabanda ya nyasi, hakuna hata tofali la kuoneshwa. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe walikufa zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Sanamu zipo, Askari Monument ya Dar tangu 1927 maandishi yake yanawataja, Nairobi pale Kenyatta Avenue mmoja kati ya wale watu watatu wa sanamu ni mpagazi, lakini majina hakuna. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hilo na kuomba radhi. Kwa hiyo kaka, kama kwenu wazee wanalijua jina la babu aliyechukuliwa asirudi, liandikeni na kijiji alichochukuliwa, mtutumie na sisi tutalichapa.