Keki ya embe kwenye jiko la makaa: hesabu maji ya embe kwanza

Dada uliyeuliza mbona keki yako ya embe hubonyea katikati na chini ikabaki kama uji, na kama yawezekana kuioka bila oveni: yawezekana, na mimi naioka hivyo kila kaskazi hapa Mombasa. Ulivyoeleza, umesaga maembe mawili ukayamimina kwenye rojo pamoja na kikombe cha maziwa. Tatizo ni hapo. Embe sehemu yake kubwa ni maji, nawe ukaongeza maji juu ya maji.

Najua kwa sababu nilifanya vilevile mara ya kwanza, na wageni walikuwa barazani. Juu keki ilipendeza, rangi ya dhahabu. Nilipotia kisu, ncha ikatoka na ujiuji. Bibi yangu aliitazama akaniuliza swali moja tu: "Embe umelichuja?" Sikuwa nimelichuja.

Basi anza na embe lenyewe. Nachukua ngowe, lile refu lenye mdomo uliopinda, kwa kuwa halina nyuzi na nyama yake hushikana. Embe la apple pia ni zuri. Dodo nalipenda kwa kula na kwa juisi, lakini nyuzi zake zinakera kwenye keki. Chagua lililoiva likanukia kwenye kikonyo, ila ukilibonyeza lisizame dole. Lile lililolainika kabisa mpe mtoto ale.

Katakata vipande vya ukubwa wa punje ya njugu mawe, upate kikombe kimoja na nusu. Vitie kwenye chujio, nyunyiza kijiko kimoja cha sukari, acha dakika 20 na bakuli chini. Utashangaa juisi itakayotoka! Usiimwage. Ichemshe na ndimu nusu mpaka iwe nzito kama asali, uweke kando.

Rojo ni jepesi kutayarisha. Siagi gramu 170 na sukari gramu 150, piga kwa mwiko mpaka zigeuke nyeupe na mkono uchoke. Hewa unayoingiza hapo ndiyo inayosaidia keki kuumuka. Tia mayai matatu, moja moja. Kisha unga wa ngano gramu 250 uliochekechwa na vijiko viwili vya chai vya beking pauda, chumvi kidogo na iliki uliyoitwanga mwenyewe. Iliki ya kutwanga saa hiyohiyo na embe ni ndugu, usiibadilishe na vanila. Maziwa vijiko vitatu vya chakula tu. Rojo liwe zito, ukiinua mwiko lianguke kwa mafungu, lisitiririke. Likiwa jepesi vipande vitazama vyote chini.

Vipanguse vipande, vigaragaze kwenye kijiko cha unga, kisha changanya nusu kwenye rojo taratibu. Mimina kwenye chombo ulichopaka siagi, na nusu iliyobaki itawanye juu.

Sasa moto. Ukijua kuoka mkate wa mayai kwa makaa, hii unaijua tayari. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu unene wa vidole viwili, funika, ipashe moto dakika 10. Weka chombo cha keki juu ya mchanga, kisiguse kuta. Funika na mfuniko wa bati, kisha palia makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Chini nabakisha vipande vitano au sita vilivyoshika majivu. Wengi hufanya kinyume, wanaunguza chini na katikati bado mbichi.

Usifunue kabla ya dakika 35. Najua harufu itakuita, lakini ukifunua mapema joto linatoka na katikati panaanguka. Yangu huchukua kama dakika 55. Chomeka njiti katikati pasipo embe. Ikitoka kavu, epua. Mwenye oveni aweke nyuzi 180, dakika 45 hivi, apime kwa njiti hiyohiyo.

Ikiwa bado ya moto, itoboetoboe juu kwa njiti, upake ile juisi uliyoichemsha. Inang'aa, na ladha ya embe inaingia ndani bila kuilowesha keki. Iache ipoe kabisa kabla ya kukata, hata saa nzima, maana ya moto hukatika vibaya na utadhani haijaiva.

Kwa joto la sasa usiiweke nje zaidi ya siku moja. Kwenye friji inakaa siku tatu. Itoe mapema kidogo kabla ya kuandaa chai, siagi ilainike.

Ukitaka kujaribu nanasi, lichuje muda mrefu zaidi, dakika 40, kwa kuwa lina maji kuliko embe. Ndizi mbivu hazihitaji kuchujwa, ila maziwa uyaache kabisa.