Mitishamba ya kuhani wa Wicca: mizani, lebo na neno "hapana"

Wafuasi wa dini ya Wicca hujiita kwa neno la Kiingereza, witch, ambalo kamusi zetu hulitafsiri "mchawi", na hapo ndipo balaa huanzia. Mchawi kwetu ni mtu wa kuroga. Kuhani wa Wicca, ukitazama kazi zake za kila wiki, yuko jirani zaidi na mganga wa mitishamba ambaye pia hufungisha ndoa, hutembelea wagonjwa na huzika. Dini yenyewe ni changa. Gerald Gardner aliitangaza Uingereza miaka ya 1950, baada ya sheria ya uchawi ya 1735 kufutwa mwaka 1951. Amri yake kuu ni fupi: fanya utakalo, maadamu humdhuru mtu. Kwa anayegawa dawa, amri hiyo huishia kwenye mizani ya jikoni.

Haya ni kwa anayejifunza kazi hiyo, na pia kwa Mswahili aliyeko Ulaya au Marekani ambaye jirani yake amemletea kikopo cha marhamu na hajui aulize nini.

Kwanza mavuno. Wicca ina sikukuu nane kwa mwaka, na Litha, karibu na tarehe 21 Juni, ndiyo ya majani na maua. Wanafunzi hupenda kuvuna alfajiri ya siku hiyo, umande ukiwa bado juu ya petali. Waache wakusanye umande kwa ajili ya ibada, lakini maua ya dawa yavunwe saa nne asubuhi, yakiwa makavu kabisa. Mvua ikinyesha siku ya Litha, na Uingereza hilo si ajabu, subiri siku mbili za jua. Pale kalenda na mmea vinapogombana, mfuate mmea.

Mashina yafungwe vishada vidogo vya 5 hadi 10, yaning'inizwe gizani penye hewa, joto la nyuzi 30 hadi 40. Kishada kinene huota ukungu katikati huku nje kinaonekana salama. Shina likipinda bado. Likikatika kwa mlio, tayari. Kalendula, ua la rangi ya chungwa, inadanganya kuliko zote: petali hukauka upesi kama karatasi huku kitako cha ua kimebaki na maji. Kivunje kwa ukucha. Kikinama, rudisha ua kwenye chekeche.

Mafuta ya kalendula: gramu 100 za maua makavu kwa mililita 500 za mafuta ya zeituni. Chupa ikaushwe kwenye oveni, kwa sababu kitambaa huacha unyevu. Maua yazame yote. Ua linaloelea ndilo linaloanza kuota ukungu. Yakae wiki nne mahali penye joto, chupa ikitikiswa kila siku. Mwenye haraka aweke bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto kwa saa tatu au nne, mafuta yasizidi nyuzi 50. Ukisikia harufu ya kukaanga, umeshachelewa. Chuja kwa kitambaa cha pamba, na mafuta ya kukamulia mwisho uyaweke kando: ndiyo yenye mashapo na matone ya maji. Yaliyo safi yalale usiku kucha, kisha yamiminwe taratibu na mashapo yabaki chini.

Marhamu: mililita 250 za mafuta hayo na gramu 30 za nta ya nyuki, ziyeyushwe pamoja kwa moto mdogo. Kabla ya kumimina, dondosha kidogo kwenye kijiko kilichotoka kwenye friji. Ikiwa ngumu kama mshumaa, ongeza mafuta. Ikitiririka, ongeza nta gramu mbili mbili. Utapata vikopo kama tisa vya mililita 30. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafunika vikiwa vya moto. Mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko, matone hudondokea marhamu, na baada ya wiki chache kuna madoa ya kijani. Acha vipoe wazi chini ya kitambaa safi. Marhamu inayonuka kama rangi ya zamani imechacha; itupwe, hata kama imebarikiwa.

Tinkcha, yaani dawa ya mmea uliolowekwa kwenye pombe, haina mengi: gramu 100 za mmea mkavu, mililita 500 za pombe ya asilimia 40 au zaidi. Wengi huanza mwezi ukiandama na kuchuja baada ya mwezi mzima wa angani, na hilo halina ubaya, kwani wiki nne zinatosha. Usiongeze maji ili ienee. Aliyeacha pombe apewe chai.

Sasa hatari. Majani ya komfri, mmea wa dawa, na ya Digitalis, ambayo Waingereza huiita foxglove, hufanana kabla ya maua, na Digitalis husimamisha moyo. Jani la komfri ni la kukwaruza na kingo zake ni nyoofu; la Digitalis ni laini zaidi, na kingo zake zina meno madogo. Usivune jani la mmea ambao hujauona ukichanua. Hata komfri halisi haifai kunywewa wala kupakwa kwenye jeraha wazi, maana ina alkaloidi zinazoharibu ini.

Hypericum perforatum, ua la njano ambalo Waingereza wamelipa jina la Mtakatifu Yohana, hulichangamsha ini livunje dawa nyingine haraka. Anayetumia ARV, vidonge vya kupanga uzazi, warfarini (ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kulinda figo iliyopandikizwa asipewe. Madhara hayo huendelea kama wiki mbili baada ya kuacha. Kwa hiyo mtu aje na maboksi yake ya dawa mkononi. Wakitegemea kumbukumbu tu, wengi husahau vidonge vya uzazi kwa kuwa hawavihesabu kuwa dawa. Mjamzito, mtoto mchanga na mwenye maumivu ya kifua: hapana, waende kwa daktari.

Lebo iwe na jina la kisayansi, sehemu ya mmea, kipimo, tarehe. Ahadi ya kuponya isiandikwe. Sheria ya Marekani ya 1994 hairuhusu kirutubisho kudai kutibu ugonjwa. Uingereza, mganga anaweza kumchanganyia mtu dawa baada ya kuonana naye ana kwa ana, lakini kuzirundika sokoni ni habari nyingine.

Kazi ya jamii inazidi chupa. Circle Sanctuary, jumuiya ya kidini ya Wisconsin, Marekani, iliyoanzishwa na kuhani Selena Fox mwaka 1974, ilikuwa mstari wa mbele katika kesi iliyofanya serikali ya Marekani ikubali, mwaka 2007, nyota yenye ncha tano ndani ya duara ichongwe kwenye makaburi ya wanajeshi wa Wicca. Kwa kuhani wa kawaida, kazi hiyo ni wodini na magerezani. Huko usiingie na mfuko wa majani. Muulize nesi kwanza, peleka tawi bichi la rozmari kama harufu haimsumbui mgonjwa, na usimpe chochote cha kumeza. Penye oksijeni hakuna ubani wala mshumaa; taa ndogo ya betri ikae upande wa kusini wa kitanda, ambao Wicca huuhesabu kuwa upande wa moto.