Gari yako inataka oktani ngapi? Mimi nililipa injini nzima kujua

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimetoa Forester ya turbo bandarini wiki hii. Fundi anasema niweke ile petroli ya bei ya juu, shemeji yangu anasema petroli ni petroli tu. Nimsikilize nani?" Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha. Ushauri wote huo mimi nimewahi kuufuata, kwa gari mbili tofauti, na kila mmoja niliufuata kwenye gari ambayo haukuihusu.

Ya kwanza ilikuwa IST, cc 1,300, gari yangu ya kwanza kununua kwa hela yangu mwenyewe. Naishi Kimara, kazini Posta. Kila nikijaza tenki nilimimina na kichupa cha kuongeza oktani, elfu kumi na tano Kariakoo, zaidi ya mwaka mzima. Naapa nilikuwa naisikia imekuwa nyepesi. Nyepesi wapi, na ile foleni ya Morogoro Road ya saa kumi na mbili asubuhi! Kichupa kiliandikwa kinaongeza pointi 30, nami nikapiga hesabu kwamba petroli ya oktani 95 inakuwa 125. Kumbe kwa wauza vichupa pointi moja ni sehemu ya kumi ya namba, kwa hiyo 30 ni oktani tatu tu, tena ukifuata kipimo. Na IST yenyewe imetengenezewa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni 89.

Oktani si nguvu, jamani. Ni uvumilivu. Pistoni inabana hewa na petroli, halafu plagi inatoa cheche kwa wakati wake. Petroli ya oktani ndogo ikibanwa sana inajilipukia yenyewe, kama mgeni anayefunua hotpoti kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Hapo injini inagonga. Kama injini yako haibani sana, uvumilivu wa ziada unaulipia bure. IST haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa sifa zangu.

Nikauza IST, nikachukua Mark X, ile ya GRX120. Shemeji akaniambia niache ushamba wa vichupa, petroli zote zinatoka meli moja. Nikaona kweli, nimeliwa vya kutosha. Nikahama kutoka israfu nikaingia ubahili: kijana wa mtaani aliniuzia madumu ya lita 20, kila lita pungufu ya sheli kwa shilingi mia nne. Sikujiuliza anayatoa wapi. Na mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima wakati neno "kuchakachua" likiwa mdomoni kwa kila mtu, petroli ikichanganywa na mafuta ya taa mpaka EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010! Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno. Injini ya Mark X ile inabana 12 kwa 1, na kwao Japani inawekewa haioku, yaani 96 kwenda juu.

Hapa mjini ilikuwa kimya, maana Dar ni tambarare na gari haikazwi. Tukasafiri kwenda msibani Mafinga, watu watano na mizigo. Kwenye Kitonga, nyuma ya lori, nikakanyaga mafuta. Nikasikia sauti kama njugu zinarushwa kwenye sufuria. Mama mkwe akauliza, "Ni mawe?" Nikasema ni mawe. Nikaendelea kukanyaga.

Gari ina sensa inayosikiliza injini ikigonga, inachelewesha cheche kuiokoa. Ndiyo maana gari ya haioku ukiipa 95 haifi, inapungua nguvu kidogo tu. Lakini sensa haiwezi kuokoa dumu la kuchakachua. Tulirudi Dar ikitetemeka, silinda moja haina kompresheni. Gereji, fundi mkuu alimweleza mume wangu kila kitu, na gari ni yangu, na hela ni yangu. Mimi akaniambia tu, "Madam, kwani ulikuwa unaweka nini?" Injini ya mtumba, milioni mbili na laki nane. Lile swali linaniuma kuliko zile milioni.

Sasa nisikilizeni. Fungua kifuniko cha tenki. Gari nyingi za Japani zina kibandiko pale. Kama ni Kijapani, simu yako inatafsiri kwa kamera. Kibandiko hakipo, soma namba ya modeli kwenye kibati chini ya boneti, usiangalie jina la gari. Mark X ya GRX120 inataka haioku, lakini iliyoifuata, GRX130 ya cc 2,500, inatosheka na ya kawaida. Jina moja, tumbo tofauti. Ukisoma kurasa za Wamarekani, kumbuka 87 yao ni kama 91 au 92 kwa kipimo chetu. Na EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi: dumu likiwa chini mno ya hapo, kimbia. Tunavaa saa za laki mbili halafu tunabana mia nne ya petroli!

Kwako kaka wa Forester: nyingi za turbo zinataka haioku, safari hii huenda fundi yuko sahihi. Ila bei ya juu si lazima iwe oktani ya juu. Mara nyingine wanakuuzia dawa ya kusafisha nozeli, vile vipua vinavyopuliza petroli ndani ya injini. Muulize dada wa sheli namba, usiulize jina. Nimemwambia anitumie picha ya kifuniko. Ameituma asubuhi hii: kimepigwa rangi upya, kibandiko hakuna. Nimemwambia afungue boneti.