Kabla hujakanyaga pedali, jua safari ya leo ina kazi gani

Jumamosi alfajiri tukikutana kwenye mnara wa saa hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, hakosekani kijana mpya. Amekuja na baiskeli ya kuazima, miguu imara, na swali moja: nifanyeje nishinde mbio? Nalipenda swali hilo, maana hata mimi nililiuliza. Lakini kabla ya kulijibu namuuliza kwanza: jana uliendesha kwenda wapi, na safari ile ilikuwa na kazi gani? Wengi hulijibu la kwanza, la pili wananyamaza.

Kimya hicho ndicho kilichonifanya niandike. Anayeanza huendesha kwa mwendo mmoja siku zote. Anatoka mjini kwa kasi, anashindana na kila anayemkuta barabara ya Tororo, anarudi amechoka na moyo wake umeridhika. Mwendo huo wa katikati unachosha sana kiasi kwamba huwezi kuurudia kwa saa nyingi, na bado hauna makali ya kuusukuma mwili ufike mahali haujawahi kufika. Mimi nilikaa humo miaka miwili. Kila nilipopima muda wangu wa kupanda Sipi, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, ulikuwa uleule.

Gawa muda wako wa wiki mafungu matano. Manne yawe mepesi, na mepesi kwelikweli: mwenzako akikuuliza habari za nyumbani, uweze kumweleza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukijibu "wazima" halafu ukahema, umezidisha, punguza. Saa ya kupima mapigo ya moyo inasaidia, ila usiahirishe mazoezi kwa sababu huna. Katika saa hizo nyepesi moyo unazoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo inaongezeka ndani ya misuli, na mwili unazoea kutumia mafuta ili sukari ibaki akiba ya mlimani. Hayo huja kwa wiki na miezi.

Fungu la tano ndilo kali, nalo liwe kali bila huruma. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Zoezi ninaloliamini: tafuta mlima wa lami, panda dakika 8 kwa nguvu ambayo huwezi kuongea zaidi ya maneno mawili, pumzika dakika 4 ukiendesha taratibu, rudia mpaka zitimie mara nne. Kipimo chake ni mara ya nne. Ikiwa mara ya kwanza umepaa na ya nne unatambaa, ulianza vibaya, na mbio nazo utaanza hivyohivyo.

Hapa nizungumze na ndugu zangu mliotoka kwenye boda ya baiskeli. Huku mashariki kazi hiyo ni urithi wetu. Boda boda yenyewe ilizaliwa mpakani na Kenya, Busia na Malaba, watu wakibebwa na mizigo yao kwa baiskeli kabla pikipiki hazijaingia. Miguu iliyobeba mikungu ya matoke ina nguvu ambayo kijana wa ofisini ataitafuta muda mrefu. Lakini mzigo ule umekufundisha kukanyaga kwa uzito, polepole, mizunguko 50 au 60 kwa dakika. Kwenye mbio, kundi likiongeza kasi ghafla, mguu uliozoea uzito unachelewa kuitika, na misuli inachoka mapema. Weka gia nyepesi zaidi ya unavyopenda. Hesabu goti moja linavyopanda kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Kwenye tambarare tafuta mizunguko 80 hadi 95. Wiki za kwanza utaona unarukaruka kwenye kiti; vumilia, inatulia.

Sasa malengo. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika, na mwaka mmoja kabla yake Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa, na kuondoka na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi. Kijana akiniambia anataka kufika huko, simkatishi tamaa hata kidogo. Ila ndoto hiyo haimwambii afanye nini Jumanne. Hata kushinda mbio za hapa nyumbani hakuko mikononi mwako peke yako, maana hujui nani atajitokeza siku hiyo. Lengo liwe kitu unachokishika mwenyewe: kupunguza dakika mbili kwenye mlima fulani, au kufika mguuni pa mlima ukiwa bado umo kwenye kundi la kwanza, umejikinga upepo nyuma ya wenzako. Kutoka hapa Mbale, kama mita 1,150 juu ya bahari, hadi Sipi kwenye mita 1,775 hivi, ni mwinuko wa kutosha kukupima mwaka mzima. Chagua mbio moja kubwa, hesabu wiki 12 kurudi nyuma, mbio nyingine zote ndani ya muda huo zichukulie kama mazoezi. Zingatia mvua za Machi hadi Mei unapopanga.

Kula. Ninalisisitiza kwa sababu liliniumiza. Mbio zangu za kwanza ndefu nilikunywa chai tu, nikaondoka, na baada ya saa mbili macho yaliingia giza, mikono ikatetemeka, nikakaa pembeni ya barabara nikishindwa hata kufungua chupa. Akiba ya sukari kwenye misuli, ukiendesha kwa nguvu, huanza kwisha baada ya saa moja na nusu hivi. Safari ikizidi hapo, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na anza kabla njaa haijabisha hodi. Ndizi moja ya bogoya ina kama gramu 25. Kabalagala (vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo) mbili tatu mfukoni, au chupa ya maji yenye vijiko vinane vya chai vya sukari na chumvi kidogo, zinafanya kazi sawa na vifuko vya jeli ya sukari vya dukani vinavyouzwa bei ya kukatisha tamaa.

Kila baada ya wiki tatu, ya nne punguza saa karibu nusu. Wageni huiogopa wiki hiyo, wanadhani wanapoteza, kumbe ndipo mwili unapojenga kile ulichoubomolea. Mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla hujatoka kitandani, yakipanda siku tatu mfululizo kuliko kawaida yako, lala.

Siku kumi za mwisho kabla ya mbio kubwa, fupisha safari lakini yale mazoezi makali machache yaendelee. Baiskeli ifike kwa fundi mapema wiki hiyo, Jumatano isipite. Kebo mpya ya gia hulegea kidogo ikianza kutumika, gia zikakosa kukaa sawa, na mahali pa kuligundua hilo pawe barabara ya nyumbani, wala si kwenye kona za kuteremka Sipi kundi likiwa nyuma yako.