Mama alikuwa akifunga furushi kila jioni

Dada uliyeuliza kama mafunzo ya mtandaoni kwa sisi tunaouguza wazazi wenye demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, yana faida au ni kumaliza bando bure, pole sana na kazi. Mimi namuuguza mama yangu hapa Busia, upande wa Uganda, mwaka wa tano sasa. Yana faida, ila anza na shida inayokusumbua leo. Usiyasome kama mtu wa mtihani.

Nilitumia iSupport, mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2019. Ni ya bure, ina masomo 23 katika sehemu 5. Nilianza mwanzoni, kwenye maelezo ya ugonjwa, nikachoka, nikaacha. Wakati huo mama, kila ikifika saa kumi na moja jioni, anafunga nguo zake kwenye leso na kusimama mlangoni: "Nataka kwenda nyumbani." Namwambia, "Mama, hapa ndipo kwako, umeishi hapa miaka arobaini." Analia, ananisukuma, majirani wanachungulia. Wengine walishasema karogwa.

Nikayarudia masomo, safari hii moja kwa moja sehemu ya mwisho, ya mabadiliko ya tabia. Nilichookota pale ni kwamba nisibishane naye, nifuate kile kinachomuuma moyoni. Kesho yake nikamuuliza, "Nyumbani kuna nini, mama?" Akasema kuna maharage hayajachambuliwa. Nikaleta ungo na maharage kilo moja, tukakaa barazani. Alichambua mpaka giza likaingia, furushi likabaki pale mlangoni. Si kila jioni inakwenda hivyo, lakini ule ugomvi umekwisha.

Kuhusu bando, tangu Julai 2021 data inakatwa kodi ya asilimia 12, kwa hiyo achana na video za kila siku. Mafunzo hayo yana kitabu cha PDF: kipakue mara moja, uchape kurasa unazozihitaji. Mimi nilisoma kwa Kiingereza, nikamrekodia kwa Kiswahili binti anayenisaidia, maana yeye ndiye anayemwogesha mama.

Makundi ya WhatsApp nayo yananisaidia, hasa usiku ambapo huna wa kumwambia. Lakini tafadhali usimrekodi mzazi akiwa amechanganyikiwa ukaituma video huko. Heshima yake bado ipo.

Kazi yenyewe haipungui. Mashuka ni yale yale, kuamka saa nane za usiku ni kule kule. Ile sehemu ya mlezi kujitunza ndiyo iliyonipa nguvu ya kuwapigia kaka zangu walioko Kampala na kudai zamu. Sasa mmoja anakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, nalala.

Jambo moja usilichezee. Mzazi akibadilika ghafla, siku moja au mbili tu, akaweweseka au akalala kupita kiasi, funga simu umpeleke hospitali, inaweza kuwa maambukizi. Na kama hajapimwa kabisa, apimwe kwanza. Kliniki moja ilituambia ni uzee tu, tukapoteza mwaka mzima. Demensia ni ugonjwa, na kuna magonjwa mengine yanayofanana nayo ambayo yana tiba, kama upungufu wa vitamini B12 au shida ya tezi ya shingo.

Wako anasumbuka zaidi saa ngapi, na hutaja nini? Niandikie, nikutajie somo la kuanza nalo.