Usitume hizo dola 1,500

Kaka, nimekuelewa: uko Marekani, unaandikiana na binti wa Yoshkar-Ola, mji wa Urusi, hamjawahi kuonana, na sasa anadai viza ya mchumba ameshapata, bado dola 1,500 za kuonyesha uwanja wa ndege ndipo aruhusiwe kutoka Urusi.

Sharti hilo halipo. Ubalozi wa Marekani mjini Moscow ulishaonya kuhusu uongo huu. Tena ombi la viza ya K-1, yaani hiyo ya mchumba, huanzishwa na wewe raia wa Marekani, si yeye, na kwa kawaida lazima muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kuomba. Uliomba lini?

Kama umeshatuma chochote, pigia benki leo, kisha ripoti FBI kupitia ic3.gov. Usifute meseji. Atakayejitokeza kukurudishia hela kwa ada, mara nyingi ni matapeli walewale.