Jibu: Mubirizi pamoja na vidonge vya ugonjwa wa sukari

Dada, unauliza kama mama mkwe anaweza kunywa mubirizi (dawa ya majani machungu) wa soko la Kadutu, Bukavu, huku akimeza glibenklamidi, kidonge cha ugonjwa wa sukari. Mimi ningesimamisha mubirizi, vidonge aendelee navyo mpaka amwone daktari.

Glibenklamidi inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala. Mubirizi nao unaweza kushusha sukari, na kipimo hauna: leo majani matatu, kesho konzi nzima. Ndipo sukari hushuka mno: jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuongea ovyo. Akifika hapo na bado anameza vizuri, mpe vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji, umpime sukari baada ya dakika 15, kisha ale ugali wake. Hata akipata nafuu mpelekeni hospitali, maana dawa hiyo hukaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Akizimia, msimmiminie kitu mdomoni. (Angekuwa na metformini, kidonge kingine cha ugonjwa huo, peke yake, nisingekuwa na hofu hivi.)

Tangawizi ya chai haina neno. Kitunguu saumu cha mchuzi vilevile. Ila kile cha vidonge, kama anameza aspirini, kinaweza kuongeza kutoka damu. Kwa daktari mwende na majani yenyewe.